Mboga za Chifu

Tecla alikuwa na miaka hamsini na miwili na hajawahi kuiona bahari, lakini mwaka wa 1994 bahari ilimfuata hadi nyumbani kwake karibu na Kaplong, ikiwa ndani ya sanduku la kioo. Mumewe, Johana, alikuwa dereva wa Mzungu mmoja mhandisi wa barabara. Mhandisi alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia Johana samaki watatu, pampu, mifuko minne ya chumvi ya kuchanganyia maji, na mkebe mmoja wa chakula chenye vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Asubuhi kidogo, jioni kidogo. Hayo ndiyo maagizo yote aliyoacha.

Wiki ya kwanza Tecla aliwaogopa. Wiki ya pili akawa anawasalimu kabla ya kwenda kukamua. Wiki ya nne wakawa na majina. Mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe akawa Sista. Mweusi aliyependa kujificha chini ya jiwe akawa Karani. Na yule mpana, bapa kama sahani, wa bluu iliyokolea, ambaye kutwa alizunguka akikagua kila pembe, huyo alikuwa Chifu.

Kufikia Agosti Chifu alikuwa amekonda. Bluu yake ilififia kama leso iliyoanikwa juani mno, na karibu na jicho lake kulitokea vidonda vidogo vidogo. Tecla alimwongezea chakula cha mkebe, Sista akakila chote.

"Mama Fancy, hiyo ni samaki tu," Johana alimwambia.

"Na wewe ni dereva tu," alijibiwa, "lakini nakupikia."

Ilikuwa katika hali hiyo, roho yake ikiwa nusu kwa Chifu, ndipo ilipofika Jumamosi ya koito, siku ya posa ya binti yao, Fancy. Watu wa Kipruto, mchumba wake, walikuja kutoka Sigor asubuhi na mapema, suti zimepigwa pasi, viatu vimefutwa tope getini. Kipruto mwenyewe alikuwa fundi wa mashine bandarini Mombasa. Aliongozana na ami yake, Mzee Chepyegon, mtu mrefu wa maneno machache, na shangazi yake Chepchirchir, mama mfupi mwenye kitambaa cha kijani kichwani ambaye hakuna lililompita.

Mazungumzo yalianza vizuri, kisha yakakwama. Mzee Chepyegon alitaka harusi ifanyike Sigor. Johana alitaka Kaplong. Mzee akataja kanisa lao jipya. Johana akataja ukubwa wa uwanja wake. Sauti zikawa za adabu kupita kiasi, na hiyo ni dalili mbaya. Fancy, aliyekuwa akisikiliza jikoni, alikunja aproni mpaka ikawa kamba.

Hapo ndipo Chepchirchir akasema, "Hii ya bluu inakufa."

Watu wote waligeuka. Shangazi alikuwa amewapa wazee mgongo, pua yake karibu iguse kioo.

Tecla alihisi uso wake ukiwaka. "Haifi, dada. Nailisha kila siku."

"Unailisha nini?"

Tecla akaleta mkebe. Shangazi akaunusa, akakunja uso. "Hii ni ya wale wengine. Mimi nafuga mbuzi na nafuga paka, na siwapi sahani moja. Angalia mdomo wa huyu. Angalia anafanya nini."

Tecla akaangalia. Chifu alikuwa akikwaruza kioo, mahali palipoota utando wa kijani, akikwaruza na kurudia, kwa uchungu wa mtu anayefuta sufuria iliyokwisha ugali. Miezi mitano Tecla alidhani ni ukaguzi. Kumbe ni njaa!

"Ni mbuzi," alinong'ona.

"Ni mbuzi kabisa," Chepchirchir akasema.

Kipruto alisahau kwamba bwana harusi hunyamaza siku kama hiyo. "Ni kweli, Mama! Kule pwani nimewaona wakichunga kwenye mawe, kundi zima, kama ng'ombe. Wanakula mwani, majani ya baharini. Huyu wa chungwa ndiye anataka nyama. Nitakutumia kamba."

"Kamba ya nini?" Tecla alishangaa. "Ng'ombe zangu ziko na kamba."

"Hapana, Mama, kamba ya kula!"

"Sasa samaki atakula kamba?"

Ilibidi Kipruto aeleze, akikunja vidole kuonyesha miguu na kugeuza mkono kuonyesha mkia, kwamba kamba wa pwani ni mdudu wa majini, mtamu, anayeuzwa kwa kilo. Fancy alicheka jikoni hadi kifuniko kikaanguka.

Lakini Tecla hangeweza kungoja pwani. Alimshika Chepchirchir mkono, wakatoka mbio na nguo zao za koito hadi bustanini, kwenye spinachi ambayo haikuwa imepigwa dawa. Wakachuma majani mawili laini, wakayachovya katika maji ya moto bila chumvi, wakayapoza, wakayafunga kwenye jiwe kwa uzi. Tecla akaliteremsha jiwe polepole.

Chifu alikimbilia nyuma ya pampu. Wazee walikuwa wamesimama sasa, mabakuli yao ya mursik, maziwa ya mgando, mkononi. Sista akaja, akaonja, akaondoka. Karani hakutoka. Johana alikuwa ameziba mdomo kwa kofia.

Chifu akatokea. Akazunguka mara moja. Akakaribia, akarudi, akakaribia tena, kisha akauma. Kipande kikatoka! Akauma tena, na tena, akitikisa kichwa, jani likipeperuka kama bendera, na nyumba nzima ikapiga kelele. Chepchirchir alipiga kigelegele. Mzee Chepyegon, yule wa maneno machache, alikumbatia kabati.

"Anakula! Anakula! Mpatie mursik kidogo ateremshie!" akasema, na bakuli lake likainuka juu ya maji.

Tecla alijitupa mbele, mikono miwili hewani. "Mzee, hapana! Maziwa itaua wote!"

"Tone moja tu!"

"Hata moja! Mursik ni ya watu!"

Mzee akarudi nyuma, akanywa mwenyewe kwa niaba ya samaki, akakaa akijifuta machozi ya kicheko. Alipopata pumzi akasema, "Johana, harusi iwe hapa. Watu wangu lazima waone hii maneno."

"La hasha," Johana akajibu. "Nyinyi ni wageni wema. Tutakuja Sigor."

"Nimesema hapa!"

"Na mimi nimesema Sigor!"

Wakabishana upya, kila mmoja akivuta upande wa mwenzake, mpaka Chepchirchir akaamua: kanisa Sigor, karamu Kaplong, na mtu asiongeze neno.

Tangu hapo jiko la Tecla likawa na mambo mengi. Kipruto alituma mwani mkavu, na kamba wakaja kwenye barafu na dereva wa lori aliyemfahamu. Tecla aliwakatakata vidogo kama punje za mchele, akawagawa kwenye vifuko ndani ya friji. Sista na Karani walipata kamba siku moja na vipande vya samaki siku ya pili. Chifu alipata spinachi leo, mwani kesho, na kionjo cha kamba Jumapili. Kilichobaki kilitolewa kabla maji hayajachafuka. Vidonda vilianza kufunga. Bluu ikarudi, kwanza mgongoni, kisha hadi mkiani.

Asubuhi moja ya Oktoba Fancy aliingia sebuleni na kumkuta mama yake amevaa gambuti za kukamulia, ndoo ya maziwa imewekwa chini, anacheza peke yake mbele ya kioo, mabega juu, mabega chini, huku Chifu akipita mbele yake kwenda na kurudi.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu," Tecla akasema bila kusimama. "Shika mkono, twende."