Kokeliko za Madamu

Asubuhi moja ya mwaka 1921, mjini Kasongo, Bulaimu mtunza bustani alichanganya mbegu za maua ya kokeliko na mchanga mkavu, akazirusha juu ya tuta bila kuzifukia. Madamu, mke wa mtawala, ndiye aliyemfundisha: ua hilo halipendi kufukiwa wala kuhamishwa. Mbegu zilitoka kwao Ulaya. Udongo mweusi wa tuta ulichimbwa kando ya njia ya Kabambare, mahali wapagazi wa vita walipokuwa wakilala, wengine wasiamke tena.

Mimea ilistawi, ikatoa vitumba vilivyoinama vichwa, kama ilivyo desturi ya kokeliko. Kulipopambazuka, kitumba cha kwanza kiliuliza, "Mzigo niutue wapi?"

Bulaimu alikuwa akijaza ndoo. "Utue hapa," alijibu. Kitumba kikanyoosha shingo, kikavua ganda, kikachanua chekundu.

Vilivyofuata viliuliza vivyo hivyo, kila kimoja kwa sauti ya mtu wake. Alivijibu vyote, kwa kuwa visipojibiwa vilibaki vimeinama, na Madamu alipenda maua yaliyosimama. Madamu alilalamikia jambo moja tu: yalianza kusema kabla hajaamka.

Kitumba kimoja kilikuwa na kigugumizi. Bulaimu alikitambua, asikijibu. Akaenda kumwita jirani yake Amisa.

Mume wa Amisa, Ramazani, mwenye kigugumizi tangu utoto, alichukuliwa wakati wa vita kubeba risasi za serikali, asirudi. Kwa kuwa hapakuwa na shahidi wa kifo chake, Amisa hakuweza kukaa eda wala kuolewa tena. Alikuja bustanini pamoja na mwalimu Moustapha wa msikitini, ili ushahidi upatikane.

"M-m-mzigo niutue wapi?"

Amisa alichuchumaa. "Ni wewe, baba Nuru? Nyumbani hukubeba hata kuni."

"Ni-nilikuwa ninachoka."

"Njo ye, mwalimu," alisema Amisa, akithibitisha kuwa ndiye mumewe. "Iko vile vile."

"Basi mwitikie, mama."

"Tua, baba Nuru. Tua hapa."

Ua likasimama. Mwalimu alisema kwamba ushahidi umetosha, na jioni ile Amisa alianza eda yake. Kesho yake ua lilipukutika, maana kokeliko haidumu.

Madamu alipendezwa, akataka bustani ipanuliwe. Juma lililofuata kapita, msimamizi wa vibarua wa serikali, alipita mtaani akichagua wanaume wa kubeba mizigo ya mtawala hadi Kabambare. Wenye kurudi wangesomba udongo ule ule. Bulaimu alichaguliwa, kwa sababu mabega yake yalikuwa mapana.

Kabla ya kuondoka, alimpa mkewe Aziza mbegu kidogo zilizofungwa katika jani la mgomba.

"Wakileta udongo, omba kikapu kimoja," alimwambia. "Mbegu usizifukie, zirushe juu tu. Nawe uwe unaamka mapema."