Ndege ya Betri Nyuma ya Wodi

Mchonga funguo hakuwahi kuipenda ndege isiyopiga kelele. Tangu ujana wake alirusha ndege za waya, zile ndogo za mbao nyepesi: unasimama katikati ya uwanja umeshika mpini, nyaya mbili nyembamba zinatoka mkononi mpaka kwenye bawa, ndege inakuzunguka na wewe unazunguka nayo. Injini yake ya mafuta ilinguruma mpaka majirani wakatoka nje, na ilitema mafuta ya nyonyo mpaka kwenye kola ya shati. Mkewe alikuwa amechoka kufua. Yeye mchonga funguo alisema ndege bila moshi ni sawa na chai bila majani, na mjadala ukaishia hapo.

Kilichomtoa kwenye msimamo huo ni kibao. Kilitundikwa ukutani katika wodi ya mifupa: KIMYA, WAGONJWA WAMEPUMZIKA. Alikisoma kila siku alipolala pale na nyonga iliyovunjika, baada ya kuanguka kwenye ngazi akimfungulia mtu mlango wa ghorofani. Kujigeuza kitandani hakuweza. Aliyemgeuza ni muuguzi mmoja mtu mzima, mwenye mikono mikubwa na ulimi mwepesi, ambaye wodi nzima ilimwita Sista. Alipitisha mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya paja, akasema yale yale ya kila siku: "Haya baba, tunageuka. Usinisaidie, niachie mimi." Kwa mikono hiyo mgongo wa mchonga funguo haukutoka hata kidonda kimoja.

Ili asahau maumivu, Sista alimwacha asimulie habari za ndege zake. "Nitaamini nikiona," alimwambia siku moja, akichungulia dirishani kwenye uwanja wa majani nyuma ya wodi. "Pale si panatosha?"

"Panatosha na kubaki," alijibu mgonjwa, na akaahidi.

Sasa alikuwa nyumbani, anatembea kwa mkongojo, na habari zikamfikia kwamba Sista anastaafu Ijumaa. Alitaka kumshukuru, na si kwa shuka wala saa ya ukutani. Alitaka aione ndege aliyoahidiwa kabla hajavua sare. Akaenda kuomba ruhusa. Matroni, mkuu wa wauguzi, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye kibao. "Mgonjwa mmoja tu akilalamika kelele, unafunga virago."

Basi akaenda kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kusuka mota zilizoungua, ambaye siku zote alimtania kwa ile injini yake ya moshi.

"Unataka umeme? Wewe?" Shemeji aliweka bisibisi chini. "Hebu sema tena, sikusikia vizuri."

Akasema tena, shingo upande.

Walitoa injini na tangi, wakafunga puani mota ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Betri mchonga funguo aliipachika mwenyewe, katikati ya bawa, kwa kuwa ndipo ilipoingia bila taabu. Siku ya majaribio ndege ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba, ikapiga uso chini. "Mkia mzito," shemeji alisema. Wakaisogeza betri mbele, kidogo kidogo, mpaka ndege ikinyanyuliwa kwa vidole viwili chini ya bawa, pua inainama kwa adabu.

Kilichomshinda kabisa ni kidole. Injini ya mafuta huamshwa kwa kulipiga pangaboi la puani kwa kidole, na kila alipoinama mbele ya ndege, kidole kilijiendea chenyewe.

"Shemeji! Hiyo ina betri! Ikikukata utarudi kwa Sista ukalazwe upya. Hapa unabonyeza kitufe, unaenda zako kushika mpini. Itasubiri, itawaka yenyewe, na muda uliopangwa kwenye taima ukiisha itazima yenyewe."

Taima hiyo shemeji aliiweka fupi kwa ajili ya nyonga. "Usiiguse," alionya. Mchonga funguo aliitikia kwa heshima zote, na Ijumaa asubuhi akaigusa, akaongeza muda. Aliona aibu kumwalika mtu mzima aje kutazama kitu cha kufumba na kufumbua.

Madirisha ya wodi yalijaa vichwa. Mmoja alikuwa ameegemeza mguu wake wa plasta dirishani kabisa. Sista alifika na sare iliyopigwa pasi, na mchonga funguo akamwomba asimame nyuma yake, katikati ya uwanja. "Hapa ndipo salama, Sista, na ndipo panapoonekana vizuri."

Shemeji, huko ukingoni, alibonyeza kitufe na kuishika ndege. Kikapita kimya. Kisha mota ikaanza kuvuma, sauti ya cherehani ya chumba cha pili, na ndege ikaachiwa. Ilikimbia juu ya majani, ikanyanyuka, ikapita mbele ya madirisha bila kumwamsha mtu.

"Mungu wangu," Sista alisema. "Kumbe hukuwa unatia chumvi!"

Mchonga funguo alicheka kwa sauti. Aliipandisha, akaishusha, akazunguka nayo, akaona raha ambayo kitandani aliisahau. Halafu nyonga ikaanza kuuma.

Injini ya mafuta humuonya mwenye nayo: tangi likikaribia kukauka sauti hupanda, ukajua umebakiza kidogo. Mota hii iliimba sauti ile ile mwanzo mpaka mwisho, na mchonga funguo hakujua kama amebakiza duara moja au ishirini. Mpini huachii, ukiachia ndege inajiendea, na hapa ingeenda kwenye madirisha yenye watu. Mkongojo ulikuwa kwa shemeji. Jasho likamwingia machoni, na mguu ukaanza kukataa kugeuka.

"Sista," alisema bila kuiacha ndege kwa macho, "nyonga."

Hakuulizwa swali. Mkono mmoja ukapita chini ya kwapa, mwingine ukakamata mkanda wa suruali, mwili wake ukapata pa kuegemea.

"Haya baba, tunageuka. Usinisaidie, niachie mimi."

Akamwachia. Yeye alishughulika na mpini tu, na Sista akamzungusha, hatua kwa hatua, duara baada ya duara, mpaka mota ikanyamaza na ndege ikateleza hewani na kukaa majanini. Madirishani wakapiga makofi ya kuangusha dari. Matroni naye alikuwa akipiga, kwa hiyo hakupata wa kumkaripia.

Shemeji alikuja mbio na mkongojo, akaitazama taima. "Uliigusa."

"Niliigusa."

Mchonga funguo alitoa kitambaa mfukoni akafuta bawa, kwa mazoea. Hapakuwa na mafuta. Akamgeukia Sista, kitambaa mkononi.

"Nimekuja kukushukuru, Sista, ona sasa umenigeuza tena." "Ningeoza kwenye kile kitanda. Natembea kwa sababu yako. Asante. Sina neno kubwa zaidi ya hilo."

Sista alimnyang'anya kitambaa akajifuta macho. "Tangu asubuhi nazunguka wodini natafuta wa kumgeuza mara ya mwisho. Wote leo wanajigeuza wenyewe, hawana hata haya."

"Betri ya pili ipo," alisema mchonga funguo.

Safari hii taima ilipangwa na shemeji, akiwa amempa mchonga funguo mgongo asiione. Wakarudi katikati. Sista akashika mpini, mchonga funguo akaweka mkono wake juu ya ule wa Sista kumwongoza, na uzito wake wote ukawa begani kwa Sista. Mota ikavuma. Nyaya zikakaza.

"Baba! Inanivuta!"

"Haya Sista, tunageuka," alisema mchonga funguo. "Usinisaidie, niachie mimi."