Tochi Mbele ya Kioo

Tarehe tisa Aprili, Jumamosi. Asubuhi ile mvua ilinyesha kama iliyotumwa, na upepo ukawa unaisukuma chini ya mlango wa chumba cha baba. Niliziba upenyo kwa shuka kuukuu, nikapiga magoti palepale kwenye unyevu, nikamwomba Mungu mambo mawili: aikate mvua, na amfikishe kaka yangu na televisheni yake kabla ya kipindi cha alasiri.

Baba alikuwa amelala chali, macho kwenye televisheni kubwa iliyotundikwa ukutani mbele ya kitanda. Ilikuwa imewashwa. Mtangazaji alieleza habari za mbolea kwa sauti safi kabisa, lakini kioo kilikuwa cheusi tititi. Picha ilikuwa imekufa, sauti ikabaki. Na baba yangu alikuwa kiziwi.

Kiwanda cha mabati ndicho kilichomla masikio. Ujana wake wote alisimama kando ya mashine ya kukunjia bati, na mashine ile haikujua kunong'ona. Kwanza ilipotea milio ya ndege, akacheka. Kisha zikapotea sauti za wanawake, mama akasema mumewe amepata kisingizio. Nilipomchukua nimuuguze, mama akiwa ameshatangulia na miguu ya baba imekataa kazi, alikuwa hasikii hata radi. Kaka alipokuja kumtazama alimwandikia kwa chaki kwenye kibao; baba alisoma, akajibu kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, wakacheka wawili. Mimi niliyemgeuza na kumwosha sikuwa na la kuandika. Utotoni kaka aliangukiwa na shule, mimi nikaangukiwa na ndoo. Basi tuliongea kwa mikono, kama watu waliotenganishwa na mto: kula, geuka, panauma wapi.

Ndiyo maana nikaenda masomo ya jioni. Mchana nilifua mashuka ya hospitali. Jioni nilijikunja kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga ubao, vidole vikinuka dawa ya kufulia. Kaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Profesa kwa jinsi alivyopenda kueleza mambo, kila akija aliniuliza kama nimemaliza kazi nilizopewa au amwambie mwalimu anichape. Nilimwomba Mungu tu: herufi hizi ulizijua kabla yangu, nifungulie.

Nyumbani daftari letu lilikuwa televisheni. Maneno yalipopita chini ya picha, baba aliyafuata hewani kwa ncha ya fimbo yake, akiyasoma kwa sauti hadi majirani wajue habari, nami nikimfuata nyuma kama kifaranga.

Ile ya zamani ilipokufa tulikalishana kikao. Profesa alitaka yenye jina kubwa, hata ikiwa ndogo. Aliandika kibaoni: rahisi ghali. Baba akasema kwa bei hiyohiyo yenye jina itampa herufi kama sisimizi, na yeye hasomi jina la kampuni, anasoma habari. Profesa akafuta, akaandika kwamba ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Baba alicheka mpaka nikamshika kifua. Tukamwita fundi wa televisheni wa mtaani atuamue, naye hakumpa mtu ushindi. Alisema hata yeye nyumbani ana hizi za jina geni na hazijamsumbua. Picha ni nzuri vilevile. Tofauti utaijua siku itakapougua, maana yenye jina ina vipuri kila kona, na hii ni wewe na Mola wako.

Baba akachagua kubwa. Siku ilipowashwa aliagiza mwanga upandishwe hadi mwisho kwa ajili ya macho yake, na hapo ukabaki, kutwa nzima, siku zote. Herufi zilikuwa pana kama viganja. Katika kipindi kile cha neema ndipo nilipomwandikia neno langu la kwanza, "chai", naye akaitazama ile chaki muda mrefu kuliko neno lenyewe lilivyohitaji.

Kisha asubuhi moja kioo hakikuwaka. Fundi alifungua mgongo wa ile televisheni, akaguna.

"Taa za nyuma ya kioo zimeungua, dada. Mwanga wa juu kabisa kila siku, hizi haziuwezi."

Alizunguka maduka yote akitafuta nyingine. Kumbe kila shehena ya aina ile ilikuja na taa za vipimo vyake, na ya kwetu haikuwa na ndugu. Aliporudi mikono mitupu, aliwasha tochi akaisogeza karibu na kioo. Ndani ya duara la mwanga nikaona mkono wa mtu, hafifu, kama kitu kilichozama majini.

"Picha ipo," akasema. "Imekosa wa kuimulika tu."

Profesa hakumwandikia baba "nilisema". Aliandika, ila alifuta kabla baba hajageuka.

Wiki hizohizo watu wa kituo cha televisheni walikuja darasani kwetu kurekodi kipindi cha watu wazima wanaojifunza kusoma. Mwalimu alinisimamisha nisome sentensi niliyoitunga mwenyewe. Nilipojua siku ya kuonyeshwa, nilimwandikia baba kwa herufi zinazoyumba: "Jumamosi utaniona." Nilichosoma sikumwandikia. Nilitaka akione mwenyewe.

Wakati huo daktari alikuwa ameshatuambia baba hana tiba tena, tumtunze tu. Alikuwa halii, halalamiki, anakula vijiko vya kuhesabika. Lakini kila asubuhi aliuliza, kwa sauti iliyoanza kupasuka, kama ni Jumamosi. Profesa akasema ataleta televisheni yake, ile yenye jina, tuifunge pale siku hiyo.

Mchana wa Jumamosi alinipigia. Barabara ilikuwa imejaa maji. "Siwezi kuibeba kwenye mvua hii, mdogo wangu. Ikilowa, imekwisha. Nasubiri ikatike kidogo."

Nilimwambia ni sawa. Simu yangu ilikuwa ya vitufe, haikuwa na picha ya kumwonyesha mtu, na baba hakuwa wa kubebwa kwenda kwa jirani. Nikachukua tochi.

Muziki wa kipindi ulipoanza nilipanda kwenye stuli kando ya kioo, nikawasha. Baba aliinua kichwa. Duara langu lilikuwa dogo kwa televisheni ile. Likimulika uso linaacha maneno, likimulika maneno linaacha uso. Nilisikia sauti ya mwalimu, kisha kiti kikiburuzwa, kisha pumzi yangu mwenyewe. Nikatafuta pale nilipo. Nikapata bega, nikapata shavu, nikapata mdomo wangu ukifunguka.

"Shusha," baba akasema. "Shusha chini, kwenye maneno."

Nikashusha. Herufi zilikuwa zimeshafika mwisho wa mstari.

"Na baba yangu," akasoma. Ncha ya fimbo ilisimama hewani. "Baba gani huyo? Ni mimi?"

Nikatikisa kichwa kukubali, machozi yakinishuka, tochi mkononi. Maneno yakafutika, yakaja ya mwanafunzi mwingine.

"Rudisha."

Haikuwa ya kurudishwa. Nikamwonyesha kwa mkono kwamba imepita.

"Mwanzo wake unasemaje, mama?"

Nilishuka mbiombio nikachukua kibao. Ilikuwa sentensi yangu, niliifanyia mazoezi mpaka ndotoni, lakini mkono wangu ulikuwa bado mkono wa mwanafunzi. Kila herufi niliichonga. "Nimejifunza kuandika nikiwa mtu mzima ili niweze kuzungumza na baba yangu." Nilipoweka nukta na kuinua macho, alikuwa amesinzia. Sikumwamsha. Nilikiegemeza kibao kando ya mto ili akifumbua macho kiwe cha kwanza kuonekana.

Jioni mvua ilikatika. Profesa akaingia ameloa hadi kiunoni, televisheni yake kavu ndani ya mablanketi na nailoni. Tuliifunga mbele ya kitanda. Ilikuwa ndogo, na ilikuwa nzuri. Siwezi kuinyima haki yake. Mwanga wake ulijaza chumba, ukamwangukia baba usoni, ukaangukia chaki yangu, kila herufi ikasomeka kutoka mlangoni. Profesa aliisoma. Akakaa chini sakafuni.

Baba hakufumbua macho. Jumapili nzima alipumua tu, nami nikaomba maombi yaleyale hadi yakaisha maana, nikaendelea kuyaomba. Jumatatu alfajiri akaacha.

Siku hiyohiyo tulikusanyika uani kupanga mazishi ya kesho yake: ndugu, majirani, wafuaji wenzangu, fundi, mwalimu wangu wa jioni. Kiongozi wa ibada aliuliza nani atasoma maisha ya marehemu kaburini. Macho yote yalimwendea Profesa, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa siku zote. Yeye akanitazama mimi.

Nikasimama. Nilisema kwa sauti kubwa, kubwa kama ya baba:

"Nitasoma mimi. Nitaanzia mwanzo, na sitaruka neno."