Wa Mwisho Kati ya Wanne

Mimi nikifurahi sina breki. Siku dada yangu Chemutai alipopiga simu kwenye duka la Atuti pale Kapkatet, niliitwa mbio kutoka kwenye majani chai, na kabla laini haijakatika nikasikia maneno machache tu: "Kipruto! Kazi yetu imetoka! Kwa jarida kubwa la ubongo, la ng'ambo! Jumamosi ya wiki kesho nakuja nyumbani."

Dada yangu ni mtafiti wa ubongo huko Nairobi. Anachunguza jinsi kifafa kinavyowaharibia watoto kumbukumbu. Kwetu, mtu akishinda ng'ambo hatuulizi mara mbili la kufanya. Kufikia jioni Kapkatet nzima ilikuwa na habari, nami ndiye niliyeitangaza.

Mama akaosha kibuyu, akakisugua ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, akaweka maziwa yagande yawe mursik. Hayo ndiyo anayonyweshwa mkimbiaji akirudi na medali, huku amevishwa shingoni taji la sinendet, ule mmea unaotambaa. Mimi nilikimbia miaka mingi na sikuwahi kunyweshwa. Nilifurahi kama ninayenyweshwa ni mimi.

Lakini Mama alikuwa na jambo lake. Chemutai alipomaliza kidato cha nne, wazee walileta posa, na Mama akarudisha ng'ombe wa watu. Jirani yetu mzee Kipkosgei alimcheka hadharani kwamba ameozesha binti yake kwa vitabu. Safari hii Mama alimwalika Kipkosgei kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku hiyo ikiharibika, Mama angeinamisha kichwa sokoni mpaka azeeke.

Jumamosi ua ulijaa. Akina mama wa kanisa waliimba hadi ng'ombe wakakataa kukamuliwa. Chemutai aliingia langoni akiwa na mwanafunzi wake, msichana mwembamba wa kutoka Kisii aliyeitwa Nyamusi. Vigelegele! Mama akainua kibuyu.

"Ngojeni kwanza," akasema Kipkosgei, ambaye zamani alikuwa akishika saa kwenye mbio za wilaya. "Amekuwa namba ngapi?"

Chemutai akafungua jarida, akamwonyesha majina ya waandishi. "Langu ni hili, mzee."

Kipkosgei akavaa miwani, akafuata majina kwa kidole. "Namba nne. Na walikuwa wangapi?"

"Wanne," akajibu Chemutai, anatabasamu kabisa.

Nyimbo zikakatika. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hiyo hata mimi ningepata," na kicheko kikazunguka ua mzima. Mama akashusha kibuyu polepole mpaka kikakaa kifuani. Nilipandwa na hasira, nikatamani kumvua Kipkosgei ile miwani niikanyage. Nikamnong'oneza dada yangu, "Si ungedanganya hata kidogo?"

"Nidanganye nini?" Akanitazama, akatazama sinendet mikononi mwa akina mama, ndipo akaelewa. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Hapo ndipo hasira yangu ilipochemka zaidi.

"Kipruto, sisi hatukimbii," akasema akijipangusa machozi. "Jina la kwanza ni la yule amefanya kazi kwa mikono yake. La mwisho ni la mwenye lab. Yeye ndiye amepanga kazi, yeye ndiye anaulizwa ikiharibika. Miaka hii yote pale mwisho palikuwa pa profesa wangu. Sasa nimepewa lab yangu mwenyewe! Na madaktari wa Brazili na India wameshatuma kadi za posta wakiomba nakala, ili wapime watoto wao vile tunapima wetu."

Kipkosgei akalitazama tena lile jina la mwisho. Kisha akapiga paja. "Kumbe ni kocha! Nyinyi, huyu si mkimbiaji, huyu ni kocha!"

Jamani, kelele zilizotoka hapo! Mimi mwenyewe niliruka, nikamkumbatia Kipkosgei na miwani yake.

"Na namba moja ni nani?" Mama akauliza.

Chemutai akamvuta Nyamusi mbele. Mama hakusita. Alimvisha sinendet mtoto wa watu, akamnywesha mursik, naye Nyamusi akabaki na alama ya kijivu juu ya mdomo, akicheka kwa haya.

Kisha Mama akamgeukia binti yake. "Na wewe, hujawahi kuwa namba moja?"

"Niliwahi, eiyo, mama yangu. Mwaka wa tisini na moja."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Nilikuletea hata jarida. Ukaniuliza kama nimekula." Alisema bila kinyongo, bado anatabasamu. "Liko tu hapo ndani, chini ya ule mguu mfupi wa kabati."

Mama alichukua kibuyu kutoka kwa Nyamusi, akakifuta mdomo kwa pindo la leso. Akamshika Chemutai kisogoni, kama anayemlisha mtoto, akamwekea kibuyu mdomoni.

"Hii ni ya tisini na moja," akasema. "Kunywa yote. Ya leo nitaweka maziwa mengine."