Theluji Inayotembea

Kwa kupanga mambo Nzuki hakuwa na mpinzani pale mtaani Parklands. Shida ni kwamba mambo yenyewe hayakuwahi kumsikiliza. Mama yake, Kasyoki, alipokuwa hospitalini akitolewa mtoto wa jicho, Nzuki alimwahidi kwamba akipona atamwonyesha theluji ya Mlima Kenya kabla hajarudi kwao Mwingi. Aliahidi kwa sauti, mbele ya manesi, ili wajue mama ana mwana.

Basi Jumamosi, siku moja kabla ya mama kusafiri, familia nzima ilijipakia garini. Kila mtu alikuwa na koti zito la mtumba ambalo Nzuki alilichagua mwenyewe. La kwake lilikuwa la waridi, la kike, lenye manyoya shingoni, lakini lilikuwa na joto.

Walipofika Naro Moru, mlima haukuwepo. Wingu lilikuwa limeufunika wote. Wakasubiri. Wakala chapati, wakala mayai, wakala hata ndizi za safari ya kurudi. Mama alikaza macho yake mapya juu, hapepesi, kama mtu aliyeambiwa mgeni yuko mlangoni. Nzuki alimtazama na moyo ukamuuma. Akanyoosha kidole penye weupe zaidi.

"Mwaitu, mama yangu, ona! Hiyo nyeupe ndio theluji."

Mkewe, Yvonne, akashikwa na kikohozi cha ghafla.

"Hii?" mama akauliza. "Mbona inatembea?"

"Ni upepo. Huko juu kuna upepo mob sana."

"Bwana asifiwe," mama akasema, na akataka apigwe picha nayo. Nzuki akasimama kando yake na koti lake la waridi, akatabasamu.

Usiku ule, wakiwa wamesharudi Parklands, mvua ilinyesha. Asubuhi mama alipanda juu ya paa la gorofa kuanika leso yake, mara akamwita Nzuki kwa sauti iliyoamsha majirani. Nzuki akapanda ngazi mbio akiwa na kaptura na lile koti, maana ndilo lililokuwa karibu.

Anga ilikuwa safi. Mbali kabisa, nyuma ya matangi ya maji, mlima ulikuwa umesimama wazi na weupe wake kileleni.

Nzuki alifurahi hadi machozi yakamlenga, kisha akakumbuka jana, akatamani ngazi zimmeze. Mama akamshika mkono, akamvuta karibu.

"Simama hapa uone vizuri," akasema. "Hii ya leo haitembei."