Bi Mkubwa Anataka Miguu

Ndege yenyewe waliiita Bi Mkubwa, na wala haikuwa dharau. Mabawa mawili juu, mawili chini, tumbo la kumeza abiria kumi na wawili, umri wa babu wa mtu. Asubuhi hiyo Binti Fundi aliizungusha propela kwa mikono, panga moja baada ya jingine, ili oili iliyolala kwenye silinda za chini itoke kabla ya kuwasha. Mkaguzi aliyekuja kumtahini, mzee aliyezoea ndege za kuwasha kwa kitufe, alitazama saa yake.

Mtihani wa leseni ya kuirusha ulikuwa huo mmoja tu. Rubani wa zamani macho yalishamwishia, na mwenye ndege alisema wazi kwamba asipopatikana mwingine mwenye leseni kufikia Ijumaa, Bi Mkubwa anakatwakatwa, anauzwa chuma chakavu. Baba yake binti, fundi aliyemtunza Bi Mkubwa miaka ishirini na sita, alikuwa anakaza nati zake tangu jana.

Wakaruka. Jamani, hapo ndipo mtu anapoijua kazi! Ndege za siku hizi unaendesha kwa vidole. Bi Mkubwa anataka mabega, na anataka miguu isiyopumzika kwenye pedali, maana ukikata kona kwa mikono mitupu, mkia unakwenda zake na pua inabaki inashangaa. Injini inanguruma mpaka meno yanacheza. Binti Fundi alilowa jasho huku anatabasamu. Lidude lote hili, tani tano nzima, lilikuwa linamsikiliza yeye, na alijivunia bila kuona haya.

Mkaguzi akamwambia apunguze mwendo. Apunguze tena. Akapunguza mpaka magari ya barabarani kule chini yakawa yanawapita. Mara, pwaa! Vibati virefu vya ukingo wa mbele wa bawa la juu vikachomoka vyenyewe, kama vilivyoundwa kufanya ndege ikienda polepole mno, ili isidondoke. Binti alikuwa anavisubiri. Mkaguzi, masikini, alidhani bawa limekatika. Akaurukia usukani wa upande wake, akausukuma mbele kwa nguvu zake zote, na mashamba yakajaa kioo kizima.

“Mzee, achia,” binti alisema taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. “Hiyo ni kawaida yake.”

Akaachia. Binti akavuta kwa mikono miwili, pua ikapanda, akageuza na kuitua ndege kwenye majani bila kishindo.

Fundi alikuja mbio hadi mlangoni, roho mkononi, kwa kuwa aliiona pua ilivyoinama. Mkaguzi alikuwa bado amekaa, fomu magotini.

“Mkono wa mkaguzi ukigusa usukani, mtahiniwa amefeli,” alisema. “Ndiyo kanuni. Lakini aliyefeli leo ni mimi, na fomu hii si yangu.”

Akaandika kwamba binti amefaulu, akasaini, akashuka.

Fundi alikuwa hajawahi kupaa na Bi Mkubwa hata siku moja. Wakimtania, hujibu kwamba anazijua nati zake zote, ndiyo maana anabaki chini. Sasa alijifuta mikono, akapanda, akakalia kiti cha mkaguzi na kuanza kuhangaika na mkanda.

“Baba, unakwenda wapi?”

“Popote,” alisema. “Si nina rubani?”