Mpira wa Kikapu cha Mama Rosa

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta, maana katika hadithi zangu nyingi mpumbavu huwa ni mtu mwingine, na wanaonijua hapa Arua wamengoja sana zamu yangu. Basi imefika.

Naitwa Anguzu, fundi wa ndege. Ukicheka, hujaanza wewe. Nusu ya mji wa Koboko ilicheka kabla yako. Ndege yenyewe ni ndogo, ya viti viwili, nyepesi kiasi kwamba tunaitoa bandani kwa kuisukuma kwa mikono kama mkokoteni wa maji. Mwenye ndege ni Mireille, Mkongo ambaye familia yake ilihamia Arua na biashara ya kahawa, na ndiye anayeirusha. Mimi kazi yangu ni kuhakikisha kwamba ikipanda, inashuka pale alipotaka yeye. Sikuzaliwa nayo kazi hii. Shule yangu ya kwanza ilikuwa chini ya malori kule mpakani Oraba, na mwalimu wangu alisahihisha makosa kwa spana. Hata sasa nikikosea, kisogo kinawasha kabla akili haijajua.

Injini ya ndege hii ina kabureta mbili, moja kulia na nyingine kushoto, nazo ni kama wake wenza. Mmoja akipata petroli kuliko mwenzake, nyumba nzima inatikisika. Nikishazisawazisha, injini huimba kwa sauti moja, laini, nami husimama pale na mafuta mikononi nikijiona mtu aliyebarikiwa. Petroli huzifikia kwa mipira myeusi, na mpira huzeeka vibaya: nje unang'aa, ndani unabanduka, na makombo yake yanaenda kukaa kwenye kikombe cha kabureta yakingoja siku ya kuziba. Ndiyo maana kila baada ya miaka mitano tunaitoa mipira yote, mizuri na mibaya, bila kuihurumia.

Wiki ile miaka mitano ilikuwa imetimia. Na wiki hiyohiyo ndiyo mama mkwe wangu alikuja.

Viktoria mke wangu nimemwoa kwa taratibu zote, wakubwa wamekaa, wamekula, wamekubaliana. Lakini mama yake, Rosa Kiden, alikuwa hajamwachia atoke Koboko kuja kukaa nami Awindiri, mtaa wangu hapa Arua. Hakuwa na ubaya nami. Alichosema ni kwamba mwanamume anayefanya mzaha na kila kitu, hata ndege yake huenda ni mzaha. Kaka wa Mama Rosa, Nasuru, mwenye lori la kwenda Oraba, alikuwa amemwambia kwamba mimi naosha ndege tu, fundi ni mwingine. Mama Rosa akasema atakuja kuona kwa macho yake, kisha atatoa neno, na neno hilo ndilo litakuwa la mwisho.

Macho yenyewe alikuwa ameyaleta Kuluva yaangaliwe hospitalini. Mireille, ambaye anapenda mambo ya watu kuliko anavyokubali, aliposikia akasema kesho anakwenda Koboko kwenye shamba lao, ambako wana kiwanja cha nyasi, na kiti cha pili kiko wazi. Mama apande. Basi Viktoria kuja au kutokuja Awindiri kukawa kumekaa juu ya kiti kimoja cha ndege.

Sasa, kwetu fundi akibadilisha kitu kwenye chombo cha mtu, hakitupi kile cha zamani. Anampa mwenyewe akione, ajue hakudanganywa. Pikipiki, lori, mashine ya kusaga, ni vilevile. Mireille ana sheria tofauti: mpira ukitoka kwenye injini, ukate vipande hapohapo. Nilijua sheria hiyo. Nilijua pia kwamba kesho mama mkwe atakuja, na nikaona hakuna ushahidi mzuri wa kazi yangu kama ile mipira ya zamani, mizima, imepangwa juu ya turubai mbele yake.

Tena sikuweza kumwekea mkwe vitu vichafu. Nikaiosha. Maji ya moto, sabuni, kitambaa. Mipira ya zamani ikang'aa kama viatu vya Pasaka, huku ile mipya niliyoikata ikiwa imekaa kando yake inapigwa na vumbi jekundu la uwanjani. Unaona ninakokwenda. Mimi sikuona. Nilikuwa nawaza maneno ya kumsalimia.

Kipande kinachoingia kabureta ya kulia hakipindi popote, na juu yake huvalishwa soksi nene nyekundu ya kuzuia moto. Kilikuwa laini kwa ajili ya maji ya moto. Nikakivisha soksi, nikakisukuma mahali pake, nikakaza klipu. Mireille alikuja akaangalia, akagusa kila klipu, akawasha pampu, hakukuwa na tone. Nilimwambia mipira yote ni mipya, naye akaniamini, maana soksi haionyeshi kilicho ndani.

Mama Rosa alifika kesho yake asubuhi amevaa gomesi ya buluu, na kikapu kilichokatika mkono. Kwetu mkwe hatazamwi usoni, wala husogei karibu naye. Nilipiga goti mbali, nikasalimia nikitazama ardhi, nikaeleza habari za mipira nikitazama ardhi, nikamkaribisha aikague nikitazama ardhi. Nikasikia anaishika, anainusa. Halafu akamwuliza Mireille kama anaweza kuchukua kipande kimoja atengenezee kikapu chake. Mimi nikajibu kwa furaha kwamba achukue anachotaka, hizo ni takataka. Mama akachagua. Na mama yeyote aliyezoea soko la Koboko, ukimwambia achague, hachagui kibaya.

Basi akapanda, akafungwa mikanda, kikapu mapajani. Mireille akawasha injini, ikaimba. Nilitoa mawe kwenye magurudumu, nikaja mbele nimwonyeshe kwa mkono kwamba njia ni nyeupe. Ili nimwonyeshe Mireille ilibidi nitazame kwenye kioo cha mbele cha ndege, na nyuma ya kioo kulikuwa na mkwe wangu. Nikashusha macho haraka. Yakatua kwenye kikapu.

Mkono wa kikapu ulikuwa mpya. Mpira mweusi, umepindwa vizuri kama upinde, na kila upande umepigwa fundo.

Mpira uliokaa miaka mitano kwenye injini haupigwi fundo. Ukiupinda tu, unapasuka kama muhogo mkavu.

Kisogo kikawasha. Wa kikapu ndio mpya, basi wa zamani uko wapi? Nilikuwa najua uko wapi. Uko ndani ya soksi nyekundu.

Nakuambia ukweli, ningeweza kunyamaza. Koboko kwa ndege si mbali, na mpira ule ulikuwa umetuvumilia hadi juzi. Ningemfuata Mireille kule, nikaubadilisha kimyakimya, na mkwe angerudi kwake akisifu. Lakini juzi mpira ulikuwa umetulia mahali pake. Mimi nilikuwa nimeung'oa, nimeuchemsha, nimeusukuma tena kwa nguvu kwenye bomba la chuma. Nikamtazama mama mkwe usoni, mara ya kwanza tangu nioe, nikapitisha mkono shingoni: zima.

Panga la injini likasimama. Mireille akafungua mlango, akauliza kuna moto wapi.

"Hakuna moto," nikasema. "Mpira yenye iko kwa kikapu ya mama ni mpya. Ya zamani iko kwa injini. Mimi ndiye nimeiweka."

Mireille akavua mikanda yake. Halafu akaniuliza, kwa upole unaotisha:

"Anguzu, ni mutu gani aliniambia mipira yote ni mipya?"

"Ni mimi."

"Basi ambia yeye alete spana."

Nikaleta. Mama Rosa akashuka, akatandika khanga kwenye kivuli cha bawa, akatoa karanga kwenye kikapu kilichoniumbua, akaanza kutafuna huku akitazama. Hakuondoa macho. Nilivua soksi, mpira ulikuwa umepasuka ufa mwembamba pale klipu ilipobana, na kidole changu kilipoupita kikatoka na harufu ya petroli. Mireille aliuona. Mkwe aliuona. Nikafungua kikombe cha kabureta ya kulia. Chini, ndani ya petroli safi, makombo meusi yalikuwa yamelala kama majani ya chai.

Kuanzia hapo niliacha kuwaza salamu, nikaanza kuwaza kazi, na ajabu ni kwamba moyo ulitulia. Nilikata kipande kipya kutoka kwenye bunda kwa wembe mkali, nikakisafisha ndani kwa upepo, nikakifunga. Nilifungua kabureta zote mbili, hata ile isiyo na kosa, nikapuliza vitundu, nikayatikisa maboya madogo yanayoelea ndani ya vikombe kuhakikisha hayajanywa petroli, nikarudisha. Tukawasha, nikazisawazisha hadi wale wake wenza wakakubaliana. Kisha nikapitisha karatasi nyeupe chini ya kila kiungo. Ikatoka kavu. Mireille hakuridhika na neno langu. Alivua soksi zote mwenyewe akaangalia ndani. Ile mipira ya zamani akaikata yeye, vipande vidogovidogo, akinitazama mimi, siyo mipira.

Walipopaa jua lilikuwa limesogea. Nilizisikiliza kabureta hadi zikapotea kaskazini. Nadhani sijawahi kusikia kitu kizuri namna ile. Halafu nikapanda pikipiki, nikawafuata kwa barabara.

Nilifika Koboko vumbi mpaka kwenye nyusi. Uani kwa Mama Rosa hadithi ilikuwa imetangulia, na Nasuru alikuwa ameketi kwenye kiti kizuri akiifurahia. Mireille alikuwa anakula kuku. Viktoria alinipa maji bila kunitazama, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

Nasuru hakuningoja nimeze. Akasema ndiyo haya aliyoyasema siku zote. Huyu ni mchekeshaji. Leo amemwekea mkwe wake mpira mbovu, kesho atamsahau Viktoria kituo cha basi. Mireille akaeleza kwamba kosa lilionekana kabla ya ndege kusogea. Nasuru akajibu kwamba kosa ni kosa, na kama mkwe asingekuwa na kikapu kibovu tungekuwa tunazungumza mengine. Hapo alisema kweli. Nilitafuta mzaha hata mdogo, sikuupata.

"Rosa," Nasuru akamalizia, "mutu kama huyu unampa mutoto?"

Mama Rosa alikuwa anafuta vumbi kwenye mkono mpya wa kikapu chake. Hakuinua kichwa.

"Nasuru, lori yako inazima Oraba kila siku, na kosa iko kwa barabara, iko kwa dizeli, iko kwa mvua. Huyu alizima ndege mbele ya mkwe wake, akasema kosa iko kwake. Viktoria, panga nguo."